Usanii ni Kazi, Jamani



Kuna neno linaloniuma, na nadhani sisi watu wa lugha ndio wa kwanza kulijibia. Neno lenyewe ni "usanii". Kule Tanzania mwanasiasa akidanganya, watu husema, "Huo ni usanii tu." Fundi akila hela yako na kazi hajamaliza, "Msanii huyo!" Neno la heshima limekuwa la matapeli. Na kumbe ukilirudisha kwenye asili yake ya Kiarabu, sanaa ni ufundi, kitu kilichotengenezwa kwa mkono. Shina lake ni jasho, lakini mtaani limegeuka ujanja. Hoja yangu ni kwamba lawama hii si ya vijana wa kijiweni peke yao. Wahakiki nao wamechangia, maana kila siku wanaandika juu ya "kipaji", na juu ya kazi karibu hawaandiki kabisa.

Tuanze hapa mtaani. Kwa miaka kadhaa African Art Centre, kituo kilichoanzishwa Durban mwaka 1959, kilikuwa na duka lake hapa Florida Road kabla ya kuhama. Kati ya vitu vilivyokipa sifa ni vikapu vya waya wa simu. Asili yake ni imbenge, kifuniko cha chungu cha pombe ambacho Wazulu walisuka kwa majani. Walinzi wa usiku wakaanza kusokota mabaki ya waya wa simu kwenye rungu zao, na baadaye mafundi kama Elliot Mkhize wakaisuka imbenge yenyewe kwa waya. Mnunuzi huona rangi, basi. Haoni kwamba waya hupitishwa mmoja mmoja, kuanzia kitovuni kwenda ukingoni, na kwamba kila mzunguko unapopanuka hesabu ya rangi nayo hubadilika, hesabu inayokaa kichwani tu. Ukikosea, unafumua. Halafu mtu anashika kikapu, anauliza, "Bei ya mwisho ngapi?" Katika bei hiyo kuna waya, nauli, sehemu ya duka na miezi ambayo watalii hawaji. Saa za vidole ndizo zinazokatwa kwanza, kwa sababu hakuna aliyeziandika.

Na kwetu je? Mchukueni Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932. Wahakiki wengi wamemwita mchoraji "wa kitoto", kana kwamba picha zilimtoka kama jasho la usingizini. Hebu tuangalie maisha yake. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akawa mtumishi wa nyumbani Dar es Salaam, na hata alipokwisha kuanza kuchora, mnamo 1968, aliajiriwa kama mhudumu katika hospitali ya Muhimbili. Alichora kwenye vipande vya mbao za dari kwa rangi ya baiskeli, akauza Morogoro Stores kule Oyster Bay. Rangi ile haikauki haraka. Unapaka mandhari, unasubiri, unaweka mnyama, unasubiri tena, ndipo unatia madoa. Kwa hiyo mtindo tunaousifu umetokana pia na bei ya vifaa na ratiba ya mtu mwenye ajira nyingine. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi, akiwa na miaka 40 hivi. Ndugu na wanafunzi wake ndio walioiendeleza kazi, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Mtu akiandika juu ya Tingatinga na asiutaje ushirika huo, ameacha nusu ya habari.

Tukirudi jimbo hili la KwaZulu-Natal, Solomon Linda alitoka Msinga. Mwaka 1939 alirekodi "Mbube" huko Johannesburg, akauza haki zake kwa shilingi 10. Wimbo ukazunguka dunia kama "The Lion Sleeps Tonight". Linda akafa mwaka 1962 akiwa maskini, na warithi wake walipata mapatano mwaka 2006. Kipaji chake hakuna aliyekibisha. Kilichokosekana ni karatasi.

Najua wapo watakaosema kuzungumzia hela ni kuishusha sanaa. Sikubali. Utamaduni wetu wenyewe haujawahi kuona aibu hiyo: katika taarab mtu huinuka katikati ya wimbo akamtunza mwimbaji mbele ya watu wote. Ila tuzo ni ya usiku mmoja, na inategemea moyo wa mtoaji. Miezi ya mazoezi iliyotangulia haina wa kuihesabu.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, uhakiki wetu uulize: kazi hii ilichukua muda gani, kwa vifaa gani, nani alipanga bei, na haki zimebaki kwa nani? Maswali hayo hayaondoi uzuri. Yanaeleza ulitoka wapi. Pili, tuanzie nyumbani mwetu. Katika makongamano yetu ya Kiswahili profesa hulipiwa tiketi na hoteli; mshairi aliyefungua kikao huambiwa "utajulikana". Jamani, kujulikana hakununui unga! Bajeti ikitosha chai ya watu mia, itoshe na ujira wa malenga, uandikwe kabisa pamoja na gharama nyingine, si bahasha ya kuchangishana mlangoni.

Tukifanya hivyo, huenda siku moja mtu akisema "huyo ni msanii," tukaelewa kwamba ni mchapakazi.

Naomba kuwasilisha.