Hisia za Tabibu katika Kisa cha Dora: Usimulizi wa Freud na Fundisho Lake kwa Mhakiki

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wanaoegemea saikolojia changanuzi aghalabu humchukulia Sigmund Freud kuwa mwananadharia tu. Dhana zake huchotwa na kutumiwa kuwaeleza wahusika wa riwaya na tamthilia. Ni nadra Freud mwenyewe kusomwa kama msimulizi. Hata hivyo, kisa cha Dora, alichokichapisha mwaka 1905, ni masimulizi kamili: kina wahusika, mgogoro, mbinu rejeshi, na msimulizi wa nafsi ya kwanza ambaye papo hapo ni mhusika. Makala haya yanashikilia kwamba hisia ambazo tabibu huyo hakuzitambua ndani yake zimejidhihirisha katika namna anavyosimulia.

Kiini cha kisa kinaeleweka kwa urahisi. Mnamo Oktoba 1900, msichana wa miaka 18 alipelekwa na baba yake kwa Freud mjini Vienna. Alikuwa na kikohozi kisichoisha, mara kwa mara alipotewa na sauti, na alikuwa ameandika barua ya kutishia kujiua. Baba yake alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na Bibi K., mke wa rafiki wa familia. Naye Bwana K. alikuwa akimtaka Dora. Dora aliamini kwamba ametolewa kwa Bwana K. kama fidia ya ukimya wake. Alipoeleza jinsi mtu huyo alivyomtongoza kando ya ziwa, baba aliamini kanusho la rafiki yake. Sasa alimtaka tabibu amrudishe binti yake katika njia ya busara. Tangu mwanzo, basi, tabibu anaingia katika mgogoro huo kwa mlango wa baba.

Dhana mbili zinahitaji kufafanuliwa hapa. Ya kwanza ni uhawilishaji wa hisia: mgonjwa humwelekezea tabibu upendo, hofu au chuki iliyomhusu mtu mwingine maishani mwake. Ya pili ni uhawilishaji kinyume, yaani hisia zinazoamshwa ndani ya tabibu na mgonjwa wake. Katika neno la mwisho la kisa hiki, Freud anakiri kwamba hakuuwahi uhawilishaji wa Dora, na kwamba hiyo ndiyo sababu ya tiba kukatika. Dhana ya pili haimo. Aliitaja hadharani mwaka 1910, katika mkutano wa Nuremberg, akimtaka tabibu azitambue hisia hizo na kuzishinda.

Pengo hilo la nadharia limejazwa na usimulizi. Dora anasimulia jinsi Bwana K. alivyomkumbatia kwa ghafla na kumbusu dukani, naye akiwa na umri wa miaka 14, na jinsi alivyoona kinyaa akakimbia. Msomaji wa kawaida ataona binti aliyevamiwa na mtu mzima. Msimulizi anaona dalili ya maradhi: kwake, kinyaa mahali ambapo alitarajia ashiki ni ushahidi tosha wa histeria. Katika tanbihi anaongeza kwamba amewahi kumwona Bwana K., na kwamba ni mtu ambaye bado ni kijana, mwenye sura ya kuvutia. Tanbihi hiyo fupi ina uzito mkubwa. Msimulizi anayedai kueleza tamaa iliyofichika ya Dora anaonekana akimtazama Bwana K. kwa macho ya kirafiki, kisha anamshangaa msichana asiyemtazama vivyo hivyo. Kila Dora anapokana, jibu lake la ‘la’ hugeuzwa kuwa ‘ndiyo’ iliyojificha.

Tarehe 31 Desemba 1900 Dora alitangaza kwamba hatarudi tena. Alipoulizwa ameamua lini, alijibu kwamba ni majuma mawili yaliyopita. Freud akasema kwamba huo ni muda wa ilani ya mtumishi wa nyumbani au yaya. Baadaye alikieleza kitendo hicho kuwa ni kisasi. Dora aliporudi mwaka 1902 kuomba msaada, alikuwa amekwisha kuwakabili akina K., na Bwana K. alikuwa amekiri. Tabibu hakuamini kwamba ombi lake la msaada lilikuwa la dhati; akaahidi kumsamehe kwa kumnyima fursa ya kumponya kikamilifu zaidi. Kinaya cha ahadi hiyo ni kikubwa: aliyedhulumiwa ndiye anayesamehewa. Jeraha linalozungumza hapo ni la tabibu.

Waliomfuata Freud waliendeleza suala hili. Mwaka 1949 D. W. Winnicott aliandika waziwazi kuhusu chuki ambayo tabibu huweza kuwa nayo kwa mgonjwa. Mwaka 1950 Paula Heimann alidai kwamba hisia za tabibu ni chombo cha kumwelewa mgonjwa, wala si kizuizi tu. Jacques Lacan, mwaka 1951, alihusisha kushindwa kwa Freud na jinsi alivyojiweka katika nafasi ya Bwana K. Hata hivyo, haki inadai jambo moja lisemwe. Freud alichapisha tiba iliyomshinda, na hakuyafuta maelezo yanayomhukumu. Wahenga walinena kwamba mganga hajigangi; huyu angalau aliacha kidonda wazi kwa wengine kukitazama.

Fundisho kwa mhakiki wa Kiswahili ni bayana. Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, Rosa analelewa chini ya ukali wa baba yake, Zakaria, anaangukia mikononi mwa wanaume, na mwishowe anajiua. Mhakiki anayemwita mgonjwa wa tamaa anakalia kiti cha tabibu wa Vienna. Yampasa ajiulize kama hukumu yake inatoka katika matini au katika hasira yake mwenyewe dhidi ya msichana asiyetii. Yaani, kama anasema kwa sauti ya uhakiki au kwa sauti ya Zakaria. Rosa hana hata uwezo aliokuwa nao Dora wa kuaga na kuondoka.

Kutoka kwa Freud, kwa hivyo, mhakiki hapaswi kuazima istilahi za kuwapima wahusika pekee. Anapaswa pia kuazima wajibu ambao Freud mwenyewe alichelewa kuutaja: anayefasiri nafsi ya mwingine naye yumo katika kisa, na hisia zake ni sehemu ya ushahidi.