Mkato na Agizo la Kutohuishwa katika Tamthilia ya Wit ya Margaret Edson

Tamthilia ya Wit, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza California mwaka 1995 na kutunukiwa Tuzo ya Pulitzer mwaka 1999, husomwa mara nyingi kama mgongano baina ya akili na huruma. Usomaji huo una ushahidi, lakini unalipita haraka jambo linalobeba mvutano wote wa mwisho, yaani agizo kwamba moyo wa Vivian Bearing ukisimama, asihuishwe.

Vivian ni profesa wa mashairi ya John Donne. Anaugua saratani ya ovari iliyofikia hatua ya nne, naye amekubali kufanyiwa matibabu ya majaribio. Katika ujana wake, mwalimu wake E. M. Ashford aliikataa insha yake kwa kuwa ilitegemea chapisho lenye uakifishaji mbovu. Kwa Ashford, nukta mkato na alama ya mshangao zilikigeuza kifo cha soneti kuwa maonyesho ya jukwaani. Katika chapisho la Helen Gardner analoliamini yeye, kinachotenga uhai huu na uzima wa milele ni mkato tu, kituo cha pumzi moja. Si bure kwamba jina la tamthilia lenyewe limewahi kuchapwa likiwa na nukta mkato mahali pa herufi ya kati.

Somo hilo linarejea wodini bila kutajwa. Muuguzi Susie Monahan anamweleza Vivian hiari mbili alizo nazo huku wakigawana lambalamba usiku. Lugha yake haina istiari hata moja, na profesa aliyeishi kwa istiari anajibu kwa maneno machache kwamba moyo uachwe usimame. Hapo Vivian anachagua mkato. Timu ya dharura inayoingia baadaye kwa vishindo na mitambo ndiyo alama ya mshangao ambayo Ashford aliifuta.

Hata hivyo, Edson haamini kwamba kuandika kunatosha. Agizo limekwisha kuingizwa na Dkt. Kelekian, na Susie anamkumbusha Jason Posner, daktari kijana wa utafiti, kwamba alikuwapo na aliliona. Jason anaita timu licha ya hayo, kwa kuwa machoni pake aliyelala pale ni utafiti. Matini imesomwa, haikutiiwa. Inabidi muuguzi aikinge kwa mikono yake. Hoja hii ni nzito kuliko ile ya huruma: Susie hashindi kwa wema wake, bali kwa kuwa msomaji mwaminifu pekee chumbani.

Kwa mfasiri wa Kiswahili, mtihani huanza na kitenzi chenyewe. “Kufufua” kunaleta kiyama pamoja nacho, na soneti za Donne zinakihitaji kiyama hicho. Lakini Susie hazungumzi kama mhubiri. “Kuhuisha” kunafaa zaidi kitandani, ingawa kunapoteza mwangwi huo. Tamthilia ya Kiingereza inakwepa tatizo hili kwa herufi tatu za kifupisho, na ukwepaji huo ni sehemu ya ubaridi wa wodi.

Kasoro kubwa ya tamthilia ni wepesi ilioununua kwa upweke. Wazazi wa Vivian wamekufa, hana ndugu, mume wala mtoto. Hakuna shangazi mlangoni wa kuuliza nani aliyeamua mgonjwa wao aachwe, wala kaka mkubwa wa kudai asubiriwe. Mpaka ugumu wote uwe kati ya mgonjwa, muuguzi na daktari, ilibidi ukoo mzima ufutwe katika mahojiano mafupi ya historia ya ugonjwa, ambayo Jason anayaendesha kwa haraka na ambayo hadhira huyacheka. Mwongozaji atakayeipandisha Wit kwenye jukwaa la Dar es Salaam au Mombasa atahitaji kuyatuliza mahojiano hayo, ili kila jibu la “hapana” lisikike kama mlango unaofungwa.