Fangasi Aliyejificha Ndani ya Mzizi wa Jino

Mgonjwa aliyelala kwenye kiti cha daktari wa meno huisikia harufu kabla hajaona kitu: harufu ya jiki. Wala hajakosea. Maji yanayosukumwa kwa sindano ndani ya mzizi ni sodiamu haipokloraiti, dawa ileile inayong'arisha mashuka.

Bakteria ndio wanaolaumiwa zaidi mzizi unapooza. Fangasi husahaulika, hasa Candida albicans, yuleyule wa utando mweupe vinywani mwa watoto wachanga. Naye hukutwa kwenye baadhi ya meno yaliyokwisha kutibiwa yakagoma kupona.

Mwaka 1999 mtafiti Waltimo na wenzake walimpima kwa dawa nne. Haipokloraiti, hata ile ya asilimia 0.5, ilimmaliza ndani ya sekunde 30, na ayodini vivyo hivyo. Klorheksidini ilihitaji dakika 5. Iliyoshindwa ni kalisiamu haidroksaidi, ule uji mweupe unaoachwa ndani ya jino kwa siku kadhaa kati ya miadi miwili. pH yake hukaribia 12.5, makali yanayoua bakteria wengi, lakini fangasi huyu huyavumilia. Kuutegemea uji huo peke yake ni kosa.

Hata hivyo, sekunde 30 ni za maabara. Ndani ya jino, faili, yaani vyuma vyembamba vya daktari, zinapokwangua kuta hubaki unga wa dentini uliogandamana kama tope na kuziba vijitundu vidogo mno. Mwaka huohuo watafiti Sen, Safavi na Spångberg walionyesha kuwa tope hilo likiwapo, dawa hufanya kazi baada ya saa nzima. Likiondolewa, haipokloraiti ya asilimia 5 huanza kufanya kazi baada ya dakika 30.

Kwa hiyo utaratibu ndio wenye uzito. Jino huvishwa mpira ili mate yasiingie. Haipokloraiti humiminwa kila faili inapobadilishwa, kisha EDTA ya asilimia 17 huingia kwa dakika moja hivi kuyeyusha tope, na haipokloraiti hurudi kwenye kuta zilizo wazi. Klorheksidini isikutane nayo, maana huacha mashapo ya kahawia. Mfereji wa mzizi uoshwe na kukaushwa kwanza. Sindano nayo isikwame: dawa ikipenya nje ya ncha ya mzizi huunguza nyama, na uso huvimba papo hapo.

Msomaji, ukimwona daktari wako anamimina, anavuta, anamimina tena, na saa inakwenda, tafadhali usimharakishe.