Kikomo cha Huduma Kisiwe Kikomo cha Fasihi: Uhakiki wa Kanuni za Huduma ya Maswali ya Wikidata

Nilipokuwa nikisahihisha kazi za wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu, nilikutana na sentensi iliyonisumbua. Mwanafunzi aliandika kwamba waandishi wa Kiswahili walioorodheshwa katika Wikidata ni 100, na kwamba wengi wao walizaliwa kabla ya 1960. Nilimwita anieleze hesabu hiyo ilikotoka. Akanionyesha swali alilolituma kwenye tovuti. Mwishoni mwa swali hilo palikuwa na neno LIMIT na tarakimu 100. Alilitia yeye mwenyewe, kwa kuwa swali lake la kwanza lilikatwa kabla ya kujibiwa. Hakukusudia kudanganya. Alitaka tu jibu lipatikane, na lilipopatikana akasahau kwamba yeye ndiye aliyelikata.

Makala haya yananuia kuhakiki kanuni zinazosimamia matumizi ya huduma hiyo, kwa jicho la mwalimu wa Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba kanuni zenyewe ni za haki kwa sehemu kubwa, lakini asiyezielewa huzigeuza kuwa matokeo ya utafiti.

Wikidata ni hazina huria ya data iliyoanzishwa mwaka 2012 na ambayo sasa ina vidahizo zaidi ya milioni 100 vya watu, mahali, vitabu na mengineyo. Tangu 2018 inapokea pia maneno ya lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Huduma yake ya maswali ilifunguliwa kwa umma mwaka 2015. Mtu yeyote anaweza kuiuliza kwa lugha ya kompyuta iitwayo SPARQL, bila malipo wala kujiandikisha. Ni neema kubwa kwa idara kama zetu katika nchi hizi jirani na kitovu cha Kiswahili, ambako rafu za vitabu vya lugha hii huwa fupi kuliko orodha ya wanafunzi.

Neema hiyo ina masharti. Swali moja haliruhusiwi kupita sekunde 60. Mteja mmoja hupewa sekunde 60 za kazi ya seva katika kila dakika, na maswali yenye kosa yasizidi 30 kwa dakika. Anayevuka mpaka hupokea jibu lenye namba 429 pamoja na idadi ya sekunde anazopaswa kungoja. Anayepuuza na kuendelea kugonga anaweza kufungiwa mlango.

Tuanze na ubora wa kanuni hizi. Kwanza, zinapima kazi na wala hazihesabu maswali tu. Swali lililotungwa vizuri humalizika kwa muda mfupi sana, hivyo mtu mwenye maswali mazuri anaweza kuuliza mengi ndani ya dakika moja. Swali la ovyo hula muda wote peke yake. Mwanafunzi niliyemtaja alikuwa ameomba watu wote waliomo katika hazina, ambao ni zaidi ya milioni 10, kisha maelezo ya kila mmoja yakaguliwe kama yana neno Swahili. Ni sawa na mtu anayeingia maktaba na kufungua kila kitabu ili aone kama kina neno fulani, ilhali fahirisi iko mezani. Wikidata ina sifa iitwayo lugha ya uandishi, yenye alama P6886, na Kiswahili chenyewe kina alama Q7838. Swali linaloanzia hapo huenda moja kwa moja kwa waandishi waliohusishwa na lugha hii. Basi kikomo kinamfundisha mtu kufikiri kabla ya kuuliza, jambo ambalo sisi walimu tumelihubiri siku zote.

Pili, kanuni hizi zina sababu ya kweli. Hazina imekua kiasi kwamba Mei 2025 wasimamizi walilazimika kuigawa, wakazitenga makala za kitaaluma katika huduma ya maswali ya peke yake. Mtafiti anayetafuta makala zilizoandikwa kuhusu Kiswahili sasa inambidi abishe mlango wa pili. Aidha, mwezi Aprili 2025 shirika la Wikimedia lilieleza kwamba asilimia 65 ya trafiki iliyo ghali zaidi katika tovuti zake ilitokana na roboti za kompyuta. Pasipo kikomo, wenye mashine kubwa wangekunywa kisima chote na sisi tungekuta tope.

Hata hivyo, kanuni hizi zina upungufu ambao hatuna budi kuutaja.

Upungufu wa kwanza uko katika maana ya mteja. Mteja hutambuliwa kwa vitu viwili: anwani yake ya intaneti, na jina ambalo programu yake hujitambulisha nalo. Kwa mtu aliye nyumbani na kompyuta yake kipimo hiki kinafaa. Lakini katika vyuo vyetu vingi jengo zima hutoka nje kwa anwani moja, na kompyuta za maabara hutumia kivinjari kilekile. Darasa la watu 40 linapobonyeza kitufe kwa pamoja, seva humwona mtu mmoja mwenye pupa. Isitoshe, maswali yanayoruhusiwa kwenda sambamba kutoka anwani moja ni 5 tu. Nimeshuhudia wanafunzi wa safu ya mbele wakipata majibu na wa nyuma wakipata makosa, ingawa wote waliandika swali lilelile.

Upungufu wa pili ni lugha. Ujumbe wa kukataliwa huja kwa Kiingereza cha wataalamu wa kompyuta. Haumwelezi mwanafunzi kama kosa ni la sarufi ya swali lake, la mtandao wa chuo au la zamu ya kungoja. Asipoelewa, hufanya moja kati ya mambo mawili: hubonyeza tena na tena, na hivyo kuzidisha kosa, au hupunguza swali hadi lipite. Njia hii ya pili ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu haionekani.

Upungufu wa tatu ni ushauri unaotolewa kwa wenye kazi kubwa, yaani wapakue nakala kamili ya hazina. Nakala hiyo, hata ikiwa imebanwa, inazidi gigabaiti 80. Kwa chuo chenye mtandao wa kusuasua, huo ni ushauri wa kumwambia mwenye kiu achimbe kisima chake. Afadhali kidogo ni kwamba data ya maneno ya lugha hutolewa katika faili lake, dogo mno likilinganishwa na nakala nzima. Mwalimu wa leksikografia alijue hilo.

Je, tufanye nini? Mengi yamo mikononi mwetu. Mwalimu atume swali mara moja kabla ya kipindi, ahifadhi jibu katika faili lenye tarehe, na wanafunzi wafanye uchambuzi wao katika faili hilo. Swali la kwanza liwe la kuhesabu: waandishi ni wangapi? Baada ya hapo ndipo iombwe orodha. Anayetumia programu yake mwenyewe aitambulishe kwa jina la mradi na njia ya kuwasiliana. Desturi yetu ni kwamba abishaye hodi hujitaja, na katika huduma hii kujitaja kuna faida ya ziada, kwa kuwa jina la programu ni sehemu ya utambulisho wa mteja. Ikija namba 429, programu ingoje sekunde zilizotajwa.

Orodha ikiwa ndefu na ikalazimu kugawanywa, igawanywe kwa uangalifu. Neno LIMIT bila agizo la mpangilio huleta safu zozote zile, si za kwanza wala si bora. Kugawa kwa muongo wa kuzaliwa nako kuna mtego: mwandishi asiyeandikiwa mwaka wa kuzaliwa hupotea katika mafungu yote. Na hao ndio mara nyingi washairi wetu wa mitaani na waandishi wa kike wasiowahi kuandikwa magazetini. Lazima pawepo fungu la wasio na mwaka.

Kwa upande wao, wasimamizi wa huduma wangefanya vyema kutafsiri ujumbe wa makosa katika lugha za watumiaji, na kuweka utaratibu mwepesi wa kuyatambua madarasa. Tafsiri hiyo tunaweza kuwasaidia. Ni kazi inayofaa wanafunzi wetu wa isimu matumizi kuliko mazoezi mengi tunayowapa.

Mwanafunzi wangu alirudia kazi yake. Safari hii alianza na P6886, akahesabu kwanza, akaandika tarehe ya swali, na akaongeza aya moja iliyoeleza kwamba hesabu ile ni ya waandishi walioingizwa Wikidata na kupewa sifa hiyo, wala si ya waandishi wote wa Kiswahili. Aya hiyo ndiyo iliyompa alama. Napendekeza idara iifanye kuwa sharti: kila tasnifu inayotumia data ya mtandaoni iambatishe swali lililoulizwa, tarehe yake, na kikomo chochote kilichowekwa, kiwe cha seva au cha mtafiti. Tunakaribisha maoni ya walimu wenzetu kuhusu pendekezo hili katika toleo lijalo.