Daktari Aliyekwenda Elgon Kuomba Ndoto



Kitabu cha safari hii nimekiazima Maktaba ya Plymouth, na si kipya. Memories, Dreams, Reflections ni kumbukumbu za Carl Gustav Jung, daktari wa Uswisi aliyefuatana na Freud, kisha wakaachana, akaanzisha elimu yake mwenyewe ya vilindi vya nafsi. Alimsimulia Aniela Jaffé uzeeni, na kitabu kikatoka baada ya kifo chake cha 1961. Vijana wetu walio vyuoni hukitaja kama kitabu cha mtu anayejitafuta. Wachache wanajua kwamba huyu bwana alikwenda kujitafuta kwetu.

Mwishoni mwa 1925, akiwa na miaka 50, Jung aliteremka Mombasa, akapanda gari moshi hadi Nairobi, kisha yeye na wenzake wakaelekea Mlima Elgon na msafara wa wapagazi na askari. Kiswahili alikuwa nacho cha kubahatisha, akisaidiwa na kamusi ndogo. Lakini sikio alikuwa nalo. Anasimulia jinsi watu wa mlimani, aliowaita Elgonyi, walivyotemea viganja vyao alfajiri na kuviinua kulielekea jua. Akauliza kama jua ndilo Mungu, wakakana. Taratibu akaelewa kwamba utukufu uko katika ile saa ya kuchomoza kwenyewe. Hapo analishika neno letu “roho”, analifuata hadi kwenye Kiarabu, Kiebrania na Kiyunani, ambako pumzi, upepo na roho hukutana. Kurasa hizo ni nzuri, na msomaji wa Kiswahili atazifurahia kuliko Mzungu.

Kisha zinakuja ndoto. Jung aliwaomba watu wamsimulie ndoto zao. Akatoa sigara, viberiti na pini. Hakuna aliyesimulia. Mwishowe mzee mmoja, laiboni, akamjibu kwa machozi kwamba zamani wazee waliota, wakajua kama vita au maradhi yanakuja, lakini tangu Wazungu waje hakuna aotaye tena. Ndoto hazina kazi kwa kuwa Waingereza wanajua kila kitu.

Jung aliyaamini maneno hayo. Anaona mamlaka ya laiboni imehamia kwa Bwana DC, na pamoja nayo thamani yote ya maisha ya watu hao. Hapa ndipo ninapomkatalia. Yeye mwenyewe ameshakiri, kurasa chache tu nyuma, kwamba huenda watu walimficha kwa hofu na kutomwamini. Kwa nini basi hofu hiyo aisahau mara mzee anapolia? Hao ni watu waliolipishwa kodi ya kibanda, na wanaume wakitembea na kipande shingoni. Anakuja mgeni, kapokewa na serikali, ana askari, anauliza usiku unaona nini. Hata Waislamu wa pwani tumefunzwa kwamba ndoto njema humwambii ila umpendaye, na mbaya humwambii mtu. Machozi ya mzee yule nayaamini. Na jibu lake huenda lilikuwa kweli, huenda lilikuwa mlango uliofungwa kwa adabu. Daktari wa nafsi alipaswa angalau kuuliza.

Na mlima haukukaa kimya. Miaka ya 1940, upande wa Kimilili chini ya Elgon, Elijah Masinde, mcheza mpira hodari wa zamani, alisimama kama nabii wa Dini ya Msambwa, akiwaita watu warudi kwa mizimu yao na wageni waondoke. Mwaka 1945 serikali ilimpeleka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Nairobi, akakaa hadi 1947. Mwaka uliofuata dini yake ikapigwa marufuku. Basi wenye maono walikuwepo, ila waliofungua midomo waliandikiwa cheti cha wazimu. Jung hakuweza kuyajua hayo mwaka 1925. Alipokuwa akisimulia kumbukumbu zake uzeeni, yalikuwa yamekwisha kutokea.

Nisije nikamdhulumu. Anachokisema juu yake mwenyewe ni cha haki kuliko anachokisema juu ya wenyeji. Anakiri kwamba safari nzima ndoto zake ziliikwepa Afrika, zikarudia mambo ya kwao tu. Mtu mweusi alimwota mara moja, naye hakuwa Mkenya: alikuwa kinyozi wa Chattanooga, Tennessee, akimjia na chuma cha moto ili azisokote nywele zake ziwe za kipilipili. Akaamka kwa hofu. Mwingine angeificha ndoto hiyo. Yeye anaichapisha, na anakiri kwamba swali halisi lililompeleka huko halikuwa juu ya Waafrika, lilikuwa juu ya Jung mwenyewe.

(Mimi nina majira mengi ya baridi Minnesota, na katika ndoto zangu theluji haijawahi kuanguka. Sijui Jung angenipa cheti gani.)

Nimekisoma nikimfikiria mama mmoja wa hapa mjini niliyemsindikiza kliniki. Binti mwenye karatasi, mpole sana, alimuuliza kama analala vizuri, kama anaota mambo ya vitani. Nikatafsiri. Mama akatabasamu, akasema analala vizuri, ndoto hana. Binti akatia alama. Ndani ya gari, tukiwa tumesimama kwenye taa za Highway 55, mama akaanza kunisimulia, na hatukumaliza mpaka nimemfikisha mlangoni kwake.

Kitabu nitakirudisha wiki ijayo. Atakayekiazima aanzie kwenye safari za Kenya na Uganda, kisha arudi mwanzo.