Mtumbwi wa jua wa Waachuar: tusihesabu moshi peke yake

Watu wakiongea usafiri bila moshi kwa wenyeji wa asili, mfano unaorudi mara nyingi ni Tapiatpia, mtumbwi wa jua wa Waachuar kule Amazonia ya Ekwado. Unastahili sifa. Ila wengi wanausifu kwa sababu ambayo si ya kwanza.

Mtumbwi huu wa mradi Kara Solar ulianza kazi 2017 kwenye mito Capahuari na Pastaza. Juu ya paa kuna mapano 32 ya jua, ndani kuna nafasi ya watu 18, na njia yake ya kilomita 67 hivi inaunganisha vijiji tisa. Jina lake ni la samaki wa umeme wa hadithi zao.

Tuseme ukweli: moshi wa mitumbwi michache ya esansi si ndio unaoharibu hali ya hewa ya dunia. Faida kubwa iko pengine. Kule esansi ni ghali kwa sababu inatoka mbali. Na barabara, ambayo wakubwa wanaita maendeleo, inafungulia mlango wakata mbao na kampuni za petroli. Tapiatpia inapita njia iliyokuwepo tayari, ni kusema mto. Mwanafunzi na mgonjwa wanasafiri, pori linabaki zima. Hiyo njo akili ya mradi.

Lakini betri inazeeka. Mafundi Waachuar wanafundishwa, ni vizuri sana. Ila fundi bila pesa ya betri mpya atafanya nini? Kama kila betri inangojea mfadhili, basi utegemezi haukuisha: umetoka tu kwenye esansi ukaingia kwenye betri. Nauli ya wanakijiji peke yake ni vigumu ibebe mzigo huo.

Hii inatuhusu. RDC iko na sheria ya 2022 inayolinda haki za wenyeji wa asili, Bambuti na Batwa wakiwa ndani. Pia kobalti ya Lualaba inaingia katika betri nyingi za magari ya umeme. Siku mradi kama huu utafika Ituri ao Équateur, tusipige makofi kwa sababu ya mapano. Tuulize kwanza: nani alichagua njia? Nani anapanga nauli? Sanduku la betri mpya liko mikononi mwa nani? Jibu likiwa “mfadhili” mara tatu, huo si usafiri wa watu, ni maonyesho.