Pankeki ya boksi inapokataa kuumuka

Pankeki iliyoharibika inaeleza yenyewe ilikoharibikia. Ikate katikati uitazame: chini imeungua mabakamabaka, ndani ni mbichi na inanata kisuni, kimo haina, na ukiitafuna inavutika kama mpira. Wengi hapo hulaumu unga wa boksi. Mara nyingi boksi halina kosa.

Unga wa pankeki wa tayari ulibuniwa Marekani mwaka 1889, mjini St. Joseph, jimbo la Missouri. Faida yake ilikuwa moja: kumwondolea mpishi kazi ya kupima. Ngano, chumvi, baikaboneti na tindikali kavu huja vimeshapimwa na kuchanganywa. Lakini boksi haliwezi kukoroga, kusubiri wala kusimamia moto, na pankeki nyingi huharibikia kwenye hayo matatu.

Tuanze na kukoroga. Unga wa ngano ukilowana, protini zake hushikana zikawa gluteni, na kadiri unavyokoroga ndivyo inavyokaza. Kwenye chapati ya kusukuma tunaihitaji, ndiyo maana tunakanda. Kwenye pankeki inaleta ugumu. Anayepiga rojo kwa mashine mpaka liwe laini kabisa ameikaza gluteni na kuipoteza hewa kwa mkupuo mmoja. Koroga kwa mwiko hadi unga mkavu usionekane, kisha acha. Madonge madogo yataivia kikaangoni.

La pili ni muda. Beking pauda iliyomo kwenye maboksi mengi hufanya kazi kwa awamu mbili: hutoa hewa ukaa mara inapolowana, kisha hutoa nyingine inapopata joto. Dakika tano za kupumzisha rojo zina faida, kwa sababu unga hunywa maji na gluteni hulegea. Ukiliacha saa nzima, sehemu kubwa ya hewa ya kwanza imeshatoroka. Boksi lililokaa wazi kwenye unyevu nalo huishiwa nguvu kabla hata ya kupikwa. Lipime hivi: tia kijiko cha unga huo kwenye maji ya moto. Usipotoa mapovu, usiupikie pankeki.

Moto ndio huharibu zaidi. Kikaango kinatakiwa kiwe na joto la nyuzi 190 hivi za Selsiasi. Kikizidi sana, nje huungua kabla joto halijafika katikati. Kikipoa, rojo husambaa na hewa hutoka kabla pankeki haijashika, ukapata kitu bapa kilichopauka. Dondosha tone la maji: likirukaruka, kikaango kiko tayari. Paka mafuta kidogo, uyasambaze sawasawa, maana yakituama ndiyo huleta yale mabaka. Geuza pale vipovu vya juu vinapopasuka na kuacha matundu yasiyojifunga. Geuza mara moja tu, wala usiikandamize kwa mwiko, kwani unaitoa hewa uliyoihangaikia.

Kwa hiyo, kabla ya kununua boksi jingine, chunguza kasoro. Ikiwa ngumu, punguza kukoroga. Ikiwa bapa, angalia umri wa unga, muda uliolisubirisha rojo na joto la kikaango. Ikiungua nje huku ndani mbichi, punguza moto. Rekebisha jambo moja kwa wakati mmoja, ndipo utajua kwa hakika kosa lilikuwa wapi.